Kigoma, ambako mechi na Burundi ni mechi ya ndugu

Reli ya Kati inaishia Kigoma, na ndiyo maana wenyewe huuita mji wao mwisho wa reli. Undugu wa watu wake, hata hivyo, hauishii stesheni. Unavuka Ziwa Tanganyika kwenda Kalemie, Baraka na Uvira upande wa Kongo. Unapanda milima kupitia Manyovu na kuingia Burundi. Siku hizi unafika hadi Ulaya na Marekani, kwa watu waliotoka ukanda huu wakiwa wakimbizi na kuanza maisha upya huko.

Ukitaka kuuona undugu huo, nenda mwalo wa Kibirizi asubuhi. Dagaa wameanikwa wakimeta juani. Vijana wanapakia madumu ya mawese na marobota ya vitenge kwenye maboti ya mbao. Abiria wa vijiji vya kaskazini, hadi Kagunga mpakani, wamekaa juu ya mizigo yao wakisubiri kuitwa. Kiha, Kirundi, Kibembe, Kiswahili cha Ujiji na Kiswahili cha Kongo vinasikika kwa wakati mmoja, na hakuna anayeonekana kuhitaji mkalimani. Na karibu kila kijana wa tatu amevaa jezi: Simba, Yanga, Mashujaa ya hapa hapa Kigoma, au TP Mazembe ya Lubumbashi.

Kazi yangu ni kuandika habari za afya, na safari hii nilikwenda kuangalia jinsi wajawazito wa vijiji vya ziwani wanavyofika kliniki kwa boti. Daftari langu lilirudi na habari nyingine pembeni. Kila nilipokaa kusubiri boti au muuguzi, mazungumzo yaliishia kwenye mpira, na kila yalipofika kwenye mpira yaligusa jambo ambalo watu wa Kigoma hawalizungumzi kirahisi mbele ya mgeni: nani ni wa hapa, na nani ni wa ng'ambo.

Uwanja uliopokea wagonjwa

Katikati ya mji kuna Uwanja wa Lake Tanganyika. Shabiki wa soka anaujua kama uwanja wa nyumbani wa Mashujaa, timu ya jeshi iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2023/24. Sisi tunaoandika habari za afya tunaujua kwa sababu nyingine.

Mwaka 2015, baada ya machafuko ya kisiasa kuanza Burundi mwezi Aprili, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Kagunga. Kijiji hicho kimebanwa kati ya ziwa na milima, na njia ya uhakika ya kutoka ilikuwa majini. Maji safi hayakutosha, vyoo havikutosha, na mwezi Mei kipindupindu kikalipuka. Waliougua walifika maelfu. Takribani watu 30 walikufa, wengi wao wakimbizi, na wenyeji wa Tanzania wakiwamo pia, maana kipindupindu hakiulizi uraia.

Meli ya MV Liemba, ambayo Wajerumani waliizindua ziwani hapa mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen, ilitumika kuwatoa watu Kagunga, mamia kwa kila safari. Ilipofika Kigoma, abiria wake walipelekwa Uwanja wa Lake Tanganyika. Humo walipumzika, walipewa chakula, na wagonjwa walihudumiwa kabla ya mabasi kuwapeleka kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Muuguzi mmoja aliyekuwa kazini siku hizo aliniambia kwamba hadi leo akiingia uwanjani hapo kuangalia mechi, macho yake hutafuta kwanza pale zilipokuwa dripu, ndipo yatafute mpira.

Miaka sita baadaye, Julai 25, 2021, uwanja huo huo ulikuwa mwenyeji wa fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam kati ya Simba na Yanga. Simba ilishinda 1-0, na aliyefunga bao hilo ni Taddeo Lwanga, raia wa Uganda. Katika mji uliojaa Waha, Wabembe, Wamanyema na Warundi, shangwe za mashabiki wa Simba usiku huo zilikuwa za Mganda, na hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo la ajabu.

Neno moja, maana mbili

Waha, ambao ndio wenyeji wengi wa mkoa huu, wanazungumza lugha inayosikilizana na Kirundi. Mha na Mrundi wakikutana sokoni, kila mmoja anazungumza cha kwao na biashara inafanyika. Wamanyema wa Ujiji wana asili ya mashariki ya Kongo. Mababu zao walifika wakati wa misafara ya karne ya 19 wakabaki. Mpaka uliwekwa na wakoloni juu ya watu waliokwisha kuoana.

Lakini mpaka upo, na una uzito. Mtu wa Kigoma akisafiri kwenda mikoa mingine, lafudhi yake inaweza kumponza. Kijana wa bodaboda wa Mwanga alinieleza kwamba amezoea kushushwa kwenye basi kizuizini na kuulizwa babu yake alizikwa wapi, wakati abiria wenzake wanaendelea kula mahindi yao. Kumwita mtu "Mrundi" kwenye foleni kama hiyo ni kumwambia hana haki ya kuwapo.

Neno hilo hilo, likisemwa uwanjani, linageuka sifa. Msimu wa 2013/14 mfungaji bora wa Ligi Kuu Tanzania Bara alikuwa Amissi Tambwe, Mrundi, akiwa na Simba, kwa mabao 19. Akahamia Yanga, na msimu wa 2015/16 akawa mfungaji bora tena, kwa mabao 21. Ni wachezaji wachache wamewahi kupendwa na nusu mbili za nchi hii kwa zamu namna hiyo.

Msimu wa 2022/23 kiti cha mfungaji bora kilikaliwa na watu wawili waliofungana kwa mabao 17: Saido Ntibazonkiza wa Burundi, aliyeumaliza msimu akiwa Simba, na Fiston Mayele wa Kongo, aliyekuwa Yanga. Ukiitazama ramani kutoka Kigoma, ni kama majirani wawili wa ng'ambo walikuja kugawana zawadi nyumbani kwetu. Na mtindo wa Mayele wa kushangilia, ule wa kutetema, ulichezwa na watoto wa shule, na mabibi harusi, hata na viongozi majukwaani.

Mama wa Mwanga na jezi ya mwanawe

Mama mmoja anayeuza ugali wa muhogo na mgebuka jirani na soko la Mwanga ndiye aliyenifanya nilitazame jambo hili kama habari ya familia. Alivuka kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa mgongoni mwa mama yake, walipokimbia mauaji ya mwaka ule. Akakulia katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora. Yumo katika kundi la wakimbizi wa 1972, zaidi ya watu 160,000, ambao Tanzania iliwapa uraia, na vyeti vyao vikaanza kutolewa mwaka 2014. Cheti chake kimo kwenye sanduku la bati, ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya vitenge vya harusi. Mume wake ni Mha wa Kasulu. Wana watoto wanne.

"Watoto wangu hawakuwahi kuniuliza mimi ni nani," aliniambia. "Mpira ndio uliowafanya waulize."

Ilikuwa Machi 2019. Tarehe 23 Burundi ilitoka sare ya 1-1 na Gabon mjini Bujumbura na kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yake. Siku moja baadaye Tanzania ikaifunga Uganda 3-0 jijini Dar es Salaam na kufuzu kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1980. Nyumbani kwake walishangilia siku mbili mfululizo. Kijana wake wa mwisho, wakati huo yuko darasa la tano, akamuuliza kwa nini siku ya kwanza alilia na siku ya pili alicheka tu.

Akamweleza. Mtoto akafurahi kuliko mama alivyotarajia, na akataka jezi ya Burundi. Mjomba wake aliyeko Bujumbura akaituma kwa boti. Mama akaipokea, akaikunja, akamwambia aivae ndani ya nyumba tu.

"Si kwamba naona aibu, dada," alisema huku akigeuza samaki. "Lakini akipita nayo barabarani, kesho mtu akigombana naye kwenye gololi atamwambia rudi kwenu. Kwao ni hapa. Nitamwambia arudi wapi?"

Septemba mwaka huo huo kura ikawakutanisha ndugu. Tanzania na Burundi zilipangwa pamoja katika mechi za awali za kufuzu Kombe la Dunia la 2022. Bujumbura, tarehe 4, matokeo yalikuwa 1-1. Dar es Salaam, tarehe 8, yakawa 1-1 tena, wakaingia kwenye penalti. Tanzania ikafunga tatu, Burundi haikufunga hata moja.

Tazama waliokuwapo siku hiyo. Golini mwa Tanzania alisimama Juma Kaseja, mzaliwa wa Kigoma, mkoa ambao kwake Bujumbura ni jirani na Dar es Salaam ni safari ya kupanga. Kwenye benchi la Tanzania, akiwa kocha wa muda, alikaa Etienne Ndayiragije, Mrundi aliyekuwa amefundisha klabu zetu kadhaa. Tuliitoa Burundi tukiongozwa na Mrundi, na baadaye yeye huyo akaenda kuifundisha timu ya taifa ya kwao.

Mama wa Mwanga aliitazama mechi hiyo kwenye kibanda umiza, mumewe upande mmoja na kijana wake upande wa pili. Penalti ya mwisho ilipokwisha, watu wote waliinuka. Yeye alibaki amekaa. Mumewe aliinuka nusu, akamtazama, akakaa tena. "Hakusema kitu," alisema mama. "Alikaa tu na mimi. Tumeoana miaka mingi, lakini mimi naikumbuka hiyo."

Miaka minne baadaye Ntibazonkiza alipokuwa akifunga mabao yake Simba, jirani yake, shabiki mkubwa wa Wekundu wa Msimbazi, alikuja mbio hadi kwenye jiko lake akipiga kelele: "Mrundi wetu! Mrundi wetu!" Akamkumbatia mbele ya wateja. Mama anasema ilikuwa mara ya kwanza kuitwa hivyo kwa sauti kubwa, hadharani, bila kujisikia anasukumwa nje. Wiki hiyo hiyo akiwa safarini kwenda Tabora kumuona dada yake, alishushwa kwenye basi kuonyesha karatasi zake.

Kutoka ziwani hadi Uingereza, na kurudi

Katika kikosi cha Burundi cha mwaka 2019 walikuwamo vijana ambao safari zao zinafanana na za familia nyingi za ukanda huu. Saido Berahino alizaliwa Bujumbura, akampoteza baba yake vitani, akapelekwa Uingereza akiwa mtoto wa miaka 10. Alikua mshambuliaji wa West Bromwich Albion na kuchezea timu za vijana za England. Mwaka 2018 alianza kuichezea Burundi, nchi aliyoikimbia. Gaël Bigirimana naye alifika Coventry akiwa mtoto mkimbizi, akacheza hadi Newcastle United. Kisha mwaka 2022 akaja Jangwani kujiunga na Yanga.

Kwa familia zilizotawanyika, wachezaji hawa wana kazi ambayo haiandikwi kwenye mikataba yao. Mzee mmoja wa Ujiji mwenye wajukuu Ulaya aliniambia kwamba wajukuu hao Kirundi hawakijui, na Kiswahili chao ni cha kuunga unga. Wakipiga simu, salamu zikiisha kimya kinaingia. Linalobaki ni mpira. "Nikiwauliza Mayele kafunga ngapi, wanazungumza," alisema. "Nikiwauliza habari za ukoo, wananipa mama yao." Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu aliyepata daraja dogo na kuamua kulitumia.

Daraja hilo hupitika pande zote mbili. Mwaka 2011 kijana wa Mbagala, Mbwana Samatta, alitoka Simba akaenda TP Mazembe. Lubumbashi alikuta Kiswahili mitaani, chenye ladha ya Kongo na Kifaransa ndani yake, lakini Kiswahili. Alikaa huko miaka mitano, akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika ya mwaka 2015, na Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Jezi nyeusi na nyeupe za Mazembe ninazoziona Kibirizi zilianza kuwa nyingi wakati huo, kwa maelezo ya wauzaji wenyewe. Mvuvi wa Kibembe aliniambia kwamba kabla ya Samatta, Watanzania walimuuliza habari za vita tu kila aliposema ana ndugu Kongo. Baada ya Samatta wakaanza kumuuliza habari za Mazembe.

Pale mpira unapofika kikomo

Nisingependa msomaji afikiri kwamba mpira ni dawa ya kila kitu. Huku huku Maziwa Makuu tumeona ukitumika kwenye ugomvi. Mwanzoni mwa mwaka 2025, baada ya mji wa Goma kuangukia mikononi mwa waasi wa M23, serikali ya Kongo iliziandikia Arsenal, Paris Saint-Germain na Bayern Munich kuzitaka ziachane na matangazo ya utalii wa Rwanda. Kwa mtoto wa Goma aliyelala nje, maandishi mawili kwenye mkono wa jezi ya Arsenal yalikuwa na maana ambayo mtoto wa London hakuiona.

Na mpira haufungui geti la kambi. Nyarugusu ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, ikapokea Warundi wengi kuanzia 2015. Vijana wa humo wanacheza chandimu kwa mipira ya makaratasi na nailoni iliyofungwa kamba, na wana timu zenye mashabiki wa kweli. Wahudumu wa afya wanaijua thamani yake: mama asiyekuja kwenye mkutano wa chanjo atakuja kumwangalia mwanawe akicheza, na hapo ndipo atasikia habari ya chanjo. Lakini kijana huyo, awe na kipaji gani, hatoki nje ya kambi bila kibali. Tangu mwaka 2017 maelfu ya Warundi wamerejea kwao. Mfanyakazi mmoja wa afya aliniambia kwamba siku moja kabla ya msafara kuondoka, timu ya Warundi na ya Wakongo zilicheza mechi ya kuagana. Hakuna aliyehesabu mabao. Waliobaki waliwapa wanaoondoka mpira wenyewe.

Mpira, kwa hiyo, haukubadilisha sheria yoyote katika habari nilizosikia. Mama wa Mwanga bado anasafiri na cheti chake, na kijana wa bodaboda bado anaulizwa kaburi la babu yake. Kilichobadilika ni kidogo na kiko ndani ya nyumba: mtoto amejua mama yake ametoka wapi, mume amejua pa kukaa, jirani amejifunza kulitamka neno bila kulitia sumu.

Hicho kidogo ndicho ambacho sisi wengine tunaweza kukiendeleza bila kusubiri tangazo la serikali. Tukiwa na nafasi mioyoni ya Tambwe, Ntibazonkiza na Mayele kwa sababu wanafunga, hatuwezi kusema nafasi haipo. Ipo. Tumeizoea kuitoa kwa wafungaji tu. Mtoto wa darasani mwenye bibi Makamba au Uvira hana mabao 17, ana lafudhi na jina ambalo mwalimu hulitamka kwa kusitasita. Mzazi anayemsikia mwanawe akimwambia mwenzake "rudi kwenu" ana la kufanya jioni hiyo hiyo, na akitaka mahali pa kuanzia, mpira ni mahali pazuri.

Yule kijana wa jezi sasa ni mkubwa, anasoma sekondari. Jezi imembana, amempa mdogo wa jirani, Mha mtupu asiye na ndugu hata mmoja Burundi, ambaye huvaa na kuzunguka nayo mtaa mzima. Mama anacheka akilisimulia hilo, kisha anasema angependa siku moja kumnunulia mwanawe nyingine, saizi yake, na kumwacha atoke nayo.

Siku Burundi itakapokuja tena kucheza Dar es Salaam, ukimwona jirani yako amebaki amekaa wakati wote tumeinuka kushangilia, usimuulize kitambulisho. Kaa naye kidogo.